Kliniki ya Sokoni

Kiberiti kilitikiswa gizani, mara moja, halafu tena. Njiti chache ziligongana ndani yake. Evaline alizisikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi, akakadiria kuwa ni tatu, zikizidi sana nne. Hakuwasha. Mwanga ungemwamsha Ester, na Ester akiamka maswali huanza, na alfajiri ile mama yake hakuwa na jibu la swali lolote duniani.

Alivaa kwa kupapasa: gauni la kitenge, sweta, viatu vya kazini. Mkoba ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, wala hakuhitaji kuufungua kujua kilichomo. Mlikuwa na karatasi za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa imepigwa chapa vizuri, na chini yake pameachwa mstari wa yeye kuweka saini. Hiyo ilisema kuwa chanjo za mwezi mzima ziliharibika kwa sababu friji ya zahanati iliishiwa mafuta ya taa. Ya pili ilikuwa kurasa mbili zilizochanwa kwenye daftari, kwa mwandiko wake mwenyewe, nazo zilisema kweli.

Saa nne asubuhi hiyo, mjini Moshi, mbele ya waganga wa zahanati kumi na mbili, angesoma mojawapo. Akisoma ya kwanza angebaki na kazi, na kazi ndiyo iliyompa chumba hiki cha kota alichokuwa akivaa ndani yake bila taa. Akisoma ya pili, hakujua yeye na mtoto wangelala wapi mwezi ukiisha.

Alimfunga Ester mgongoni akiwa bado amelala, miguu ikimning'inia maana alishatimiza miaka minne, akatoka.

Jambo lenyewe lilianza kwa barua. Ulikuwa mwaka wa tisini na nne, Serikali ikipunguza watu kila mahali, na barua mbili kutoka wilayani zilifika wiki moja kwenye zahanati ile ndogo, mwendo wa saa nzima wa kupandisha kwa miguu kutoka Mwika. Ya kwanza iliagiza kila kituo kiandae jina la mtumishi mmoja anayeweza kuachishwa. Ya pili iliwahimiza watumishi wawe wabunifu, wasiogope kujaribu, na ikasema kosa la anayejaribu ni shule. Sista Lukresia, muuguzi mkunga aliyezalisha nusu ya watu wa kata ile, alizisoma zote mbili kwa sauti wakati wa chai. Alizikunja, akasema walioziandika hakika hawasalimiani. Daktari Remigius alicheka mpaka akapaliwa. Kwa kweli Remigius alikuwa mganga msaidizi tu, lakini huku juu mvaa koti jeupe ni daktari, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu.

Evaline hakucheka. Yeye alikuwa mhudumu, wa mwisho kuajiriwa, na jina la kuachishwa halikuhitaji mtu kulitafuta mbali. Hakuwa na ukoo mlimani wa kumsemea. Baba yake, Faustin, alitoka Kigoma kuja kukata miwa kwenye mashamba ya kule chini tambarare, na huko ndiko Evaline alikozaliwa, kwenye mistari ya nyumba za wafanyakazi. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la sita. Alikuja Moshi, akauza vitambaa mchana kwenye duka la akina Shivani, na jioni akasoma Njoro, kwenye darasa la watu wazima, akapata cheti cha kidato cha nne akiwa na mimba ya Ester. Mumewe, Vedastus, alikwenda Mererani kuchimba mawe ya thamani. Mwaka ulikuwa umepita, na barua iliyofika ni moja.

Basi alipoisikia barua ya pili aliichukua kama ilivyosemwa. Alikaa na rejista ya kliniki siku tatu. Watoto wa kata walikuwa mia moja arobaini na kitu, na waliomaliza chanjo hawakufika nusu. Mama akija kliniki anapoteza siku nzima ya shamba. Lakini siku ya soko akina mama hao hao hupita mbele ya zahanati tangu kunapambazuka, msururu mrefu, mikungu ya ndizi kichwani, wakiteremka Mwika. Evaline aliwatazama kwenye dirisha la chumba cha mizani. Kwa nini tuwasubiri watufuate, wakati tunajua walipo? Aliandika ukurasa mmoja. Kliniki ihamie sokoni, siku ya soko.

Daktari Remigius aliutia mhuri bila kuusoma vizuri, kwa kuwa wilaya ilitaka wazo na yeye hakuwa nalo. Wiki mbili baadaye lilikuja jibu lenye saini ya Mratibu wa Chanjo, Ndugu Wenseslaus, likilipongeza kuwa ni wazo la kupigiwa mfano. Tangu siku hiyo Remigius akawa anasema "wazo letu". Na tangu siku hiyo hakuna mtu pale zahanati aliyelitazama tena wazo lile kwa jicho la kuuliza, kwa sababu lilishasifiwa na mkubwa. Sista Lukresia alitaka kusema kitu siku moja wakichemsha sindano, akafungua mdomo, akaufunga, akauliza kama kuna chumvi.

Siku ya soko Evaline aliteremka na kasha la chanjo, lile la plastiki lenye vipande vya barafu pembeni, na humo alikuwa amepakia karibu chanjo zote za mwezi: surua, polio, pepopunda, za watoto sitini. Ester alitembea mbele yake amebeba pamba. Walipanga meza kando ya wauza viazi, wakatundika mizani kwenye mti, na kabla ya saa tatu akina mama walikuwa wameizunguka meza wamesimama safu mbili.

Ilikuwa furaha. Walimsalimia, wakamtania kuwa sasa sindano nazo zinauzwa kwa fungu, wakamuuliza bei ya dazeni. Aliandika majina yao kwenye rejista, moja baada ya jingine, na kila aliyemwandika alimuuliza mtoto yuko wapi. Yuko nyumbani. Na wewe? Nyumbani. Na wewe, mama? Nyumbani, kwani angekuwa wapi. Mmoja alisema atamtuma mtu akamlete. Mwingine akasema atauza haraka apande akamchukue. Evaline alisubiri. Kila baada ya nusu saa alifungua kasha kutazama barafu, na kila alipofungua, joto la soko lilizama humo ndani. Saa saba barafu ilikuwa maji. Saa tisa aliingiza mkono, yakawa na uvuguvugu wa maji ya kunawa. Bado alisubiri, maana kuna mama alikuwa ameahidi, tena alikuwa ameapa.

Watoto waliochanjwa siku ile walikuwa wawili, wote wa mwanamke mmoja muuza mitumba aliyetoka Himo. Rejista ilionyesha waliofika kuwa sabini na wanne.

Kanuni ya chanjo iliyopata joto ni moja tu. Daktari Remigius alizimwaga mwenyewe kwenye shimo nyuma ya choo, chupa moja moja, akihesabu kwa sauti ili Evaline asikie.

Siku sita baadaye ilikuwa siku ya kliniki ya kawaida. Kulikuwa na habari kwamba surua imeingia kata ya jirani, na hofu ilifanya kile ambacho mabango hayakuweza. Akina mama walikuja tangu alfajiri, wamelowa umande, watoto wamefunikwa khanga mbilimbili. Evaline ndiye aliyetumwa kuwaambia kuwa chanjo hakuna mpaka mwezi ujao. Alisimama barazani akasema. Hawakumtukana, afadhali wangemtukana. Mama mmoja kijana, aliyetoka karibu kabisa na msitu, aliuliza kwa adabu kama hata moja haikubaki, ya huyu tu, kisha akamfunua mtoto uso ili Evaline amwone, kana kwamba akimwona itapatikana.

Jioni hiyo Evaline hakula. Jumapili alimchukua Ester, akapanda kumtafuta yule mama aombe radhi, ingawa hakujua radhi ya namna hiyo huombwa kwa maneno gani.

Mama mwenyewe hakuwepo, alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Kwenye kihamba, shamba la nyumbani, chini ya migomba, alimkuta mama mkwe wake, Bibi Eliona, amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi za kupika machalari, na kumzunguka kulikuwa na watoto watano. Mmoja alikuwa mgongoni, mmoja katikati ya magoti, watatu wakigombea maganda. Evaline alimwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba bila kusimamisha kisu, akamsogezea Ester kikombe cha kitawa, uji wa ndizi. Evaline alieleza alichokuja nacho. Alieleza yote, mpaka barafu.

Bibi alisikiliza. Kisha akauliza, tena kwa upole kabisa, watoto wangefikaje sokoni.

"Na mama zao, bibi."

"Mkungu kichwani, mtoto mgongoni, na mteremko ule wenye utelezi? Akianguka aokote kipi kwanza?" Watoto wakubwa walicheka. "Siku ya soko watoto wote wa mlima huu wako na sisi, binti yangu. Ukoo mzima, wako kwa bibi. Hata mimi nilipoolewa wangu nilimwachia mama mkwe. Na mwanamke hawezi kurudi saa sita akaja kumtwaa mtoto mikononi mwangu, eti anampeleka sindano, mimi sijaambiwa. Ataniambia nini?"

Evaline alimfuta Ester kitawa mdomoni.

"Ungeniuliza," bibi akasema. "Mimi sina pa kwenda. Niko hapa tu."

Usiku ule, kwenye daftari, alifanya kitu alichofundishwa Njoro. Mwalimu wao wa hesabu hakuruhusu mtu kufuta. Ukikosea, unaacha kosa lilivyo, na pembeni unaandika kwa nini umekosea, ndipo unaruhusiwa kujaribu tena. Evaline aliandika kurasa mbili. Akaandika kuwa kliniki ifuate mahali bibi alipo, si mahali mama alipo. Kwamba bibi ndiye mwenye kuambiwa kwanza. Kwamba wale sabini na wanne walikuwa ni akina mama, si watoto. Alipofika kwenye kwa nini, aliandika neno moja, Sikuuliza, akalitazama, akaona halijatosha, lakini hakupata jingine.

Kesho yake alizipeleka kurasa kwa Daktari Remigius. Huko ndiko alikokutana na karatasi iliyopigwa chapa.

Remigius hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba na miaka sita kabla ya kustaafu. Alimkalisha, akamweleza kama mtu anavyomweleza mdogo wake. Taarifa ilishakwenda wilayani, ikisema waliofika ni sabini na wanne, mwitikio mkubwa. Chanjo ziliharibika, ndiyo, ila mafuta ya taa yaliisha. Mafuta ya taa huisha, hakuna anayefukuzwa kwa mafuta ya taa. Tena wilaya ilikuwa imefurahi kiasi kwamba barua zilishaandaliwa: kuanzia mwezi unaofuata zahanati zote kumi na mbili zihamie sokoni. Alhamisi kuna mkutano Moshi, na Evaline ndiye atakayetoa maelezo. Kituo kinachosifiwa hivyo, nani atakigusa? Hata lile jina walilotakiwa kupeleka, yeye angeomba wasamehewe.

"Kumi na mbili?" Evaline aliuliza.

"Kumi na mbili, kwa ajili yako. Wewe weka saini tu."

Hesabu aliifanya palepale, hakuweza kujizuia. Watoto sitini, mara kumi na mbili. Makasha kumi na mawili yanayosubiri kwenye jua. Akina mama wanaomfunua mtoto uso, mara kumi na mbili.

Alimwendea Sista Lukresia. Alimkuta anakunja mashuka, akamwambia, na sista hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua," alisema. "Mimi wa hapa, ningekosa kujua? Nilitaka kukwambia. Lakini barua ilishakuja na mhuri, mkubwa ameshapenda. Ukisema 'lakini' unaambiwa unapinga maendeleo." Alivuta shuka, likanyooka. "Saini, mwanangu. Una mtoto. Mvua zinaanza."

Na mvua zilikuwa zinaanza kweli, Alhamisi ile, walipofika Moshi na gari la kwanza. Ester alikuwa ameamka, ameuliza maswali yote, amechoka. Daktari Remigius alikuwa ametangulia. Alikuwa mlangoni mwa ukumbi amevaa tai, akamwona mtoto, akakunja uso, akauliza kama hakuwa na mtu wa kumwachia. Kisha akainama sikioni kwa Evaline, akamuuliza kama ameshaweka saini. Evaline alisema kalamu imegoma. Remigius akampa yake.

Ukumbi ulikuwa wa madirisha marefu na viti vya chuma. Ndugu Wenseslaus, Mratibu, alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Mbele yake, juu ya meza, kulikuwa na rundo la bahasha kumi na mbili, na kando yake mhuri. Alifungua kwa kueleza ubunifu ni nini, kisha akasema leo hatazungumza nadharia, kwa kuwa mfano wenyewe umekuja na miguu yake. Watu walipiga makofi. Evaline alisimama. Ester akasimama naye, ameshika gauni.

Mkono ulipoingia kwenye mkoba ulikuta karatasi zote mbili, na kwa kitambo kidogo Evaline hakujua utatoka na ipi. Alifikiria kitanda cha kota. Alifikiria jinsi atakavyokibeba, na atakipeleka wapi. Machozi yalikuja yakasimama palepale machoni, hayakuanguka wala hayakurudi. Alitoa zile zilizochanwa.

Alisoma haraka, bila kunyanyua macho. Waliofika sabini na wanne, wote akina mama. Watoto waliochanjwa, wawili. Alisoma habari ya barafu na ya kusubiri. Alisema friji haikuzimika, mafuta yalikuwepo nusu ya tangi. Alisoma kuwa watoto siku ya soko wako kwa bibi zao, na bibi hawakuambiwa, na kwamba zahanati nyingine zikienda sokoni zitapata akina mama wengi na watoto wasiofika watatu.

Mganga mmoja wa nyuma akasema, "Kwa hiyo dada, ulikwenda kuchanja ndizi," na ukumbi ukacheka, kicheko cha watu waliofurahi kwamba si wao. Evaline aliwaona wawili watatu ambao hawakucheka, wametazama sakafu. Hao walikuwa wa mlimani. Akajua kuwa nao walikuwa wanajua, na kwamba wangekwenda sokoni vilevile, mwezi unaofuata, kwa sababu barua imesema.

Daktari Remigius alisimama. Sauti yake ilikuwa ya masikitiko. Alisema binti huyu ana matatizo ya nyumbani, mume ametoweka, mtoto mdogo, na kwamba amechanganyikiwa. Taarifa rasmi ni ile ya mafuta. Halafu akatoa kipande cha karatasi kwenye mfuko wa shati.

"Ndugu Mratibu, lile jina mlilotuagiza, nilikuwa sijaliandika. Nilimwonea huruma. Hili hapa."

Alikwenda mpaka mezani, akakiweka juu ya zile bahasha. Hakuna aliyehitaji kukisoma.

Evaline alibaki amesimama. Alichosikia ni mvua kwenye bati na Ester akivuta pumzi za mafua pembeni yake, na akafikiri, kwa utulivu wa ajabu, kuwa imekwisha, kwamba hata majirani wa kule kwenye mashamba ya miwa hawatamkumbuka, kwamba Vedastus akiandika sasa barua haitamkuta.

Ndugu Wenseslaus alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Ilionekana amekasirika, na haikujulikana na nani. Aliinua kile kipande, akakisoma, akakiingiza kwenye faili palipokuwa na vipande vingine kumi na kimoja. Kisha akazikusanya zile bahasha kwa mikono miwili. Evaline alidhani anataka kuzipiga mhuri. Alizifungia kwenye droo.

"Hizi hazitoki leo," alisema. Aliutazama ukumbi. "Nyinyi wa mlimani. Kuna aliyekuwa anajua jambo hili?"

Hakuna aliyejibu. Mmoja alikohoa.

"Sawa," akasema. Akavuta fomu, ile ya upotevu wa chanjo, akaitandaza, akamwita Evaline asogee. Hakumwambia akae, lakini alimsogezea kiti kwa mguu. Evaline alikaa, akampakata Ester. Mratibu aliuliza tarehe, akaandika. Idadi ya chupa, akaandika. Alisema bila kumtazama kuwa orodha ya majina inakwenda mkoani Ijumaa, na kwamba yeye si mwenye orodha. Ataandika kuwa mhusika amesema mwenyewe, mbele ya watu, bila kulazimishwa. Hajui kama huko mkoani kuna anayesoma mambo kama hayo. Evaline alisema asante. Hakujua anashukuru nini.

Kalamu ilifika kwenye kisanduku cha mwisho, ikasimama. Juu yake palikuwa pameandikwa: Sababu ya kosa.

"Hapa kwako umeandika hukuuliza." Mratibu aligonga ule ukurasa wa daftari kwa kucha. "Nimekuelewa. Lakini mtu haulizi kitu anachodhani anakijua. Wewe ni mama. Ulipanga kliniki nzima ya watoto, ukaona ni dhahiri kabisa kuwa watakuwepo sokoni. Ulilitoa wapi hilo? Niandike nini hapa?"

Evaline alifungua mdomo. Alitafuta, kama alivyotafuta siku ile kwenye daftari, na pale palipotakiwa jibu palikuwa peupe. Alitaka kusema kuwa ni ujinga, basi, waandike ujinga. Machozi yakamshuka, akainamisha uso kwenye nywele za mtoto.

Ndugu Wenseslaus alingoja, kisha, labda kwa kutokujua afanye nini na mwanamke anayelia mbele ya watu, akamgeukia Ester. Alimuuliza jina, akaambiwa. Alimuuliza miaka, akaonyeshwa vidole. Akamuuliza, kwa sauti ile ile ya fomu, nani hukaa naye nyumbani mama akienda sokoni.

Ester alimtazama mama yake, halafu akamtazama yule mzee mwenye miwani ya uzi.

"Mimi huwa naenda na mama."